Nani Anasema? Somo juu ya sheli na disketi za mashine yetu ya Unix



Katika namba hii ya gazeti letu, sisi kapita wa wanafunzi tumeombwa kuandika somo juu ya ile mashine ya zamani inayokaa katika chumba kidogo karibu na biblioteki. Wengi wanaiita "mzee". Wengine wanasema haifai kitu, kwa kuwa hata simu ya mkononi ya leo inaipita nguvu mara nyingi sana. Ni kweli. Lakini katika kabati ya Mama Sekreteri kuko disketi kumi na moja zilizoandikwa na mashine ile ile, na ndani yake muko palmaresi, maana yake pointi za wanafunzi waliosoma hapa mbele yetu. Karatasi za miaka ile zililiwa na mchwa. Mtu mzima akija kuomba hati ya masomo yake, disketi ile njo ushuhuda wake wa pekee. Kwa hiyo anayegusa mashine hii bila kuijua anaweza kumpotezea baba wa watu miaka sita ya shule kwa dakika moja.

Somo letu ni moja tu: mashine ikikataa, mbele ya kufanya jambo lolote, uliza nani anayesema.

Kwanza historia, kwa kifupi. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Marekani. Ken Thompson na Dennis Ritchie ndio waliokuwa mbele katika kazi hiyo. Sheli tunayoitumia inaitwa Bourne, kwa jina la Stephen Bourne aliyeiandika, na ilitoka pamoja na Unix ya Toleo la 7 mwaka 1979. Microsoft ilipata ruhusa kwa AT&T, na mwaka 1980 ikatangaza Unix yake yenye jina la Xenix. Kisha kampuni SCO ya Santa Cruz, California, ikaitengeneza kwa ordinatere ndogo za namna ya IBM PC. Yetu ni Xenix ya SCO. Disketi nayo ilitoka IBM mwaka 1971, pana ya inchi 8. Ya inchi 5¼ ikafuata mwaka 1976. Ile ngumu ya inchi 3½ ilitoka kwa Sony mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sony yenyewe iliacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011. Basi kila disketi tupu tuliyo nayo ni mali, musiitumie kwa kuchezea.

Turudi kwa neno letu. Ndani ya Unix muko wasemaji watatu. Wa kwanza ni sheli, maana yake ganda. Yeye anakaa mlangoni, anasoma maneno unayoandika kwa klaviye, anatafuta programu unayoiita, anaifungulia. Wa pili ni programu yenyewe, kama vile ls, tar, mount au dd. Wa tatu ni kerneli, maana yake kokwa ya tunda. Yeye peke yake njo anayeshika vyombo: ekrani, disiki kubwa, lektere ya disketi. Programu ikitaka kusoma disketi, inamuomba kerneli; haina mkono wake mwenyewe.

Ni kama hapa shuleni. Kuko sentineli wa mlango, kuko Mama Sekreteri, kuko Bwana Prefe. Sentineli akikuambia "hatumjui mtu wa jina hilo", si Bwana Prefe aliyekukatalia. Hata habari yako hakuisikia. Vivyo hivyo ukiandika amri na sheli inajibu "not found", maana yake haikupatikana, musiseme disketi imeharibika. Disketi haikuguswa hata kidogo. Taa ya lektere haikuwaka. Ni sentineli tu.

Namna ya kutambua: soma mstari wa jibu tangu mwanzo mpaka mwisho. Programu kwa kawaida inatanguliza jina lake, kama "tar:" au "cpio:". Sheli inatanguliza lile neno uliloliandika wewe mwenyewe, kisha inatoa sababu yake fupi. Kerneli hatanguli na jina la amri. Anaandika juu ya ekrani kubwa ya mashine, hata katikati ya kazi ya mtu mwingine, na anataja namba ya kifaa na namba ya bloku. Ukiona namba ya bloku, hapo sasa ndio habari ya chuma na sumaku.

Tuanze na sentineli.

Sheli ikisema "not found", kuna sababu tatu nne tu. Ya kwanza umeandika vibaya. Unix inatenganisha herufi kubwa na ndogo, na LS si ls. Ya pili programu iko, lakini haiko katika njia ambazo sheli inapita kutafuta. Njia hizo zimeandikwa katika PATH. Andika echo $PATH na utaziona, zimetengwa na nukta mbili. Ukiwa na programu yako hapo ulipo, sheli haiitafuti hapo ikiwa nukta haimo katika PATH. Ndiyo sababu unaandika./orodha badala ya orodha. Ikiwa inajibu "cannot execute", faili iko lakini haina ruhusa ya kutembezwa: chmod +x orodha, imekwisha.

Hapa kuko mtego mmoja ambao kila mwaka unakamata watu wa darasa la tano. Mtu anaandika programu yake ya kwanza, na kwa kuwa ni ya kujaribu anaiita test. Anaandika test, anapiga Enter, na hakuna kitu: hakuna jibu, hakuna kosa. Anaangalia tena maandiko yake usiku kucha. Kumbe Unix inayo test yake yenyewe tangu zamani, na sheli inaipata ile mbele ya yake. Programu ya mtoto haikutembea hata mara moja. Uipe jina lingine.

Sababu ya nne ni ngumu zaidi kwa sababu haionekani. Faili iliyoandikwa katika DOS inamaliza kila mstari kwa alama mbili, lakini Unix inatumia moja tu. Ile ya ziada, ambayo tunaiandika ^M, inagandamana na neno la mwisho la mstari. Ukitembeza faili hiyo kama orodha ya amri, sheli haitafuti ls, inatafuta "ls na ^M", na hakuna programu ya jina hilo duniani. Na tena ^M ile ile inarudisha kalamu ya ekrani mwanzo wa mstari, hivi maneno ": not found" yanafunika jina la amri. Unaona jibu lisilo na mwenyewe. Ukiona hivyo, usibishane nalo. Andika od -c orodha na utaona \r kila mwisho wa mstari. Dawa ni tr -d '\015' < orodha > orodha2. Xenix ya SCO inayo pia amri dtox kwa kazi hiyo. Angalizo moja: usiandike jina lile lile pande zote mbili, kwa maana sheli inafuta faili ya upande wa > mbele tr haijaanza kusoma.

Mambo mengine ya mlangoni tupite mbio. Ekrani ikisimama kabisa na klaviye haijibu, mara nyingi mtu amegusa Ctrl na S. Hiyo ni amri ya kusimamisha maandiko. Piga Ctrl na Q, yataendelea. Tunaomba sana, musizime mashine kwa sababu hiyo. Ikiwa mashine inaandika kila kitu kwa herufi kubwa, ni kwamba uliandika jina lako la kuingia huku Caps Lock imefungwa. Unix ikawaza terminali yako ni ya zamani sana isiyojua herufi ndogo, ikakuhurumia. Toka kwa Ctrl-D, fungua Caps Lock, ingia tena. Na kama umeonyesha faili isiyo ya maandiko na ekrani imejaa takataka, hata Enter haisikii, piga Ctrl-J, andika stty sane, piga Ctrl-J tena. Huenda hutaona unachoandika. Andika tu.

Sasa disketi, na hapa njo tunataka muwe na uvumilivu.

Jambo la kwanza si amri, ni kidole. Mbele ya kuingiza disketi ya zamani, ifunge isiandikwe. Na hapa watu wanachanganya, kwa kuwa disketi mbili zetu zina desturi mbili kinyume. Ile laini ya inchi 5¼ ina pengo ubavuni: pengo likiwa wazi inaandikika, ukilifunika kwa karatasi ya gundi haiandikiki. Ile ngumu ya inchi 3½ ina kifuniko kidogo pembeni: tundu likiwa wazi haiandikiki, likifungwa inaandikika. Sababu ya ukali wetu ni hii: katika tar, herufi t inaonyesha orodha, x inatoa faili, lakini c inaumba mzigo mpya na kufuta ule wa zamani. Kwa klaviye x na c zinakaa ubavu kwa ubavu. Tazameni ninyi wenyewe.

Jambo la pili ni jina la kifaa. Katika Unix kila chombo kinaonekana kama faili ndani ya /dev. Katika Xenix yetu majina ya disketi ni marefu, lakini si uchawi. Kwa mfano fd0135ds18: fd ni disketi, 0 ni lektere ya kwanza, 135 ni wingi wa njia kwa inchi moja, ds ni pande mbili, 18 ni vipande katika kila njia. Fanyeni hesabu: njia 80, mara pande 2, mara vipande 18, mara baiti 512, ni 1,474,560. Hiyo ndiyo disketi tunayoiita ya 1.44. Ikiwa vipande ni 9, jina ni fd0135ds9, na hesabu inatoa 737,280, ile ya 720. Kwa zile laini, fd096ds15 ni ya 1.2, na fd048ds9 ni ya 360, yenye njia 40 tu. Ukiweka r mbele, kama rfd0135ds18, unapita moja kwa moja kwa chombo bila kusimama katika ghala ya kerneli.

Ukikosea jina, unaweza kuona mambo mawili tofauti kabisa, na hapa tunawaeleza jambo lililotokea katika kilabu chetu muhula uliopita.

Wanafunzi watatu waliingiza disketi ngumu yenye karatasi "Palmaresi". Wakaandika tar tvf /dev/fd0135ds18. Lektere ikalia, ikarudia, ikalia tena. Kisha tar ikajibu "tape read error". Mmoja akasema imekufa. Wa pili akasema basi tuiformati, angalau tupate disketi tupu, kwa sababu tulikuwa tunazitafuta. Tayari alikuwa amekwisha kuandika format na jina la kifaa. Enter tu ndiyo iliyobaki. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Lakini ni tar inasema, ao ni kerneli?"

Wakaangalia juu ya ekrani. Kweli, kabla ya maneno ya tar kulikuwa mstari wa kerneli wenye namba ya bloku. Tar alikuwa anarudia tu habari aliyopewa. Na kwa kuwa tar ilitengenezwa kwa mikanda ya sumaku, kila kitu kwake ni mkanda, hata disketi. Kwa hiyo mkono wa mashine ndio ulioshindwa kusoma. Wakaitoa disketi wakaitazama. Disketi ya 1.44 ina matundu mawili pembeni, moja kila upande. Hii ilikuwa na moja. Ilikuwa ya 720. Walikuwa wanaiomba mashine isome vipande 18 pahali penye 9. Wakaandika tar tvf /dev/fd0135ds9, na majina yakaanza kushuka: darasa kwa darasa, mwaka kwa mwaka. Mama Sekreteri aliitwa aje kuona. Alikaa juu ya benchi na kusoma majina kwa sauti, wengine anawajua, wengine wamekwisha kufa.

Lakini kama jibu lingekuwa "directory checksum error", mambo yangekuwa mengine. Hilo ni neno la tar mwenyewe, na kerneli hakusema kitu. Maana yake mkono umesoma vizuri, ila tar haitambui kile kilichosomwa. Disketi ni nzima! Labda haikuandikwa kwa tar. Labda iliandikwa kwa cpio. Jaribu cpio -itv < /dev/fd0135ds9, na ikikataa ongeza herufi c: cpio -icvt. Cpio nayo ikipotea njia inasema "Out of phase--get help", maana yake tafuta msaada, na hapo tunaona angalau ina adabu. Labda ni disketi ya pili ya mzigo wa disketi mbili. Labda ni ya DOS. Jaribu dosdir a: na utajua. Ao labda ina mpango wa faili wa Unix yenyewe, na hiyo haifunguliwi kwa tar, inafungwa juu ya mti wa faili kwa /etc/mount. Basi kosa la kusoma na kosa la kutambua ni ndugu wawili wasiofanana. La kwanza linakupeleka kwa chuma, la pili linakupeleka kwa fikra. Anayeformati kwa sababu ya la pili anaua disketi nzima.

Kuko kosa lingine la jina, na hili ni baya kwa sababu halisemi chochote. Mtu ameingia kama root, anataka kuweka akiba ya faili, anaandika tar cvf /dev/fd0135ds8. Kifaa cha jina hilo hakiko. Lakini root ana ruhusa ya kuandika popote, hivi tar inaumba faili ya kawaida ndani ya /dev yenye jina hilo, inaijaza, inamaliza kwa furaha. Majina yote yamepita juu ya ekrani. Mtu anatoa disketi, anaandika tarehe, anaiweka kabatini. Ni tupu! Na disiki kubwa inaanza kujaa, mpaka siku kerneli anapolalamika kwamba hakuna nafasi, na hakuna anayejua sababu. Dawa ni macho: taa ya lektere iliwaka? Kama haikuwaka, hukuandika disketi. Kisha ls -l /dev. Kila mstari wa kifaa unaanza kwa b au c. Ukiona mstari unaoanza kwa kistari na una ukubwa wa mamia ya maelfu ya baiti, umempata mgeni asiyealikwa. Na nyuma ya kila akiba, tar tvf juu ya disketi ile ile, ili kuona kama kweli iko. Mtu asiyefanya hivyo ana tumaini, hana akiba.

Sasa juu ya mount. Disketi yenye mpango wa faili inafungwa hivi: /etc/mount /dev/fd0135ds18 /mnt -r. Ile -r mwishoni ni ya kusoma tu, musiisahau kwa disketi za palmaresi. Ukimaliza, /etc/umount /dev/fd0135ds18. Ikijibu kwamba iko "busy", maana yake ina kazi, kuko mtu amekaa ndani. Mara nyingi ni wewe mwenyewe: uliandika cd /mnt na hujatoka. Andika cd / na ujaribu tena. Kama bado, kumbuka kwamba Xenix ina ekrani nyingi zinazofunguliwa kwa Alt-F1, Alt-F2 na kuendelea. Pita katika kila moja, utakuta mwenzako alikwenda kula na kuacha sheli yake imekaa ndani ya /mnt.

Wengine wanachoka, wanatoa disketi kwa nguvu bila umount. Sikilizeni kwa nini hatukubali. Kerneli haandiki mara moja juu ya disketi. Anaweka maandiko katika ghala ya kumbukumbu, na anayapeleka baadaye. Kazi hiyo inafanywa kila sekunde 30, ao mtu akiandika sync. Ukitoa disketi mbele ya wakati, sehemu ya maandiko imebaki mashineni. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni hii: ukitoa ya kwanza bila umount na kuingiza ya pili, usitegemee kerneli atambue. Yeye bado anashika mkononi ukurasa wa kwanza wa ile ya kwanza, wenye hesabu ya nafasi zote, na ghala ikifunguliwa anauandika juu ya ile ya pili. Disketi mbili zinaharibika kwa mkono mmoja. Basi umount, ngoja taa izimike, ndipo utoe.

Kwa umeme, tunajua wote namna unavyokatika. Mashine ikirudi itauliza kama isafishe disiki. Jibu ndiyo, na fsck itapita katika awamu zake tano. Usiikatize. Na jioni usizime kwa kidole: andika /etc/haltsys ukiwa root, ngoja maneno "Safe to Power Off", ndipo ugeuze swichi.

Tumebakiza disketi inayougua kweli, ile ambayo kerneli anataja bloku na jina la kifaa ni sahihi. Hapa sheria yetu ni kunakili mbele ya kutibu. Usianze na fsck juu ya disketi ya asili, kwa sababu fsck inatengeneza kwa kukata. Kiungo kisichoeleweka inakitupa. Chukua picha nzima kwa dd:

dd if=/dev/rfd0135ds9 of=/usr/tmp/picha bs=512 conv=noerror,sync

Hiyo noerror inasema usisimame ukikuta kosa, na sync inajaza pahali palipokosekana ili vipande vingine visisogee. Tumeweka bs=512 kwa makusudi. Ni polepole sana, lakini ukisoma kwa mafungu makubwa, kipande kimoja kibovu kinapoteza fungu zima. Mwishoni dd inahesabu: disketi nzima ya 720 inatoa 1440+0. Ikiwa kuko makosa, toa disketi, igeuze kidogo kwa kidole ile duara ya chuma ya katikati, irudishe, jaribu mara ya pili, ya tatu. Jaribu katika lektere nyingine, kwa maana vichwa vya kusomea havikai sawasawa katika kila lektere, na disketi iliyoandikwa na lektere iliyopotoka kidogo inasomwa vizuri na lektere iliyopotoka vile vile. Kisha andika picha juu ya disketi mpya, na fsck ifanywe juu ya hiyo mpya, kwanza na -n ili ionyeshe tu bila kugusa.

Neno juu ya zile laini: disketi ya 360 iliyoandikwa upya katika lektere ya 1.2 inakuwa na njia nyembamba juu ya njia pana za zamani, na lektere ya 360 inasoma vyote viwili pamoja. Musiziandike upya.

Na neno juu ya ukungu. Katika mvua zetu disketi inaota madoa meupe ama ya kijivu juu ya uso wake. Fungua kile kifuniko cha chuma polepole, tazama kwa mwanga wa dirisha. Ukiona madoa, usiingize. Kichwa cha lektere kinachukua uchafu ule na kukwaruza disketi hiyo, kisha kinaupeleka kwa disketi nzima itakayofuata. Ishara yake ni hii: disketi iliyosomwa vizuri jana leo inakataa, mara tu nyuma ya disketi mbaya. Hapo simama. Usijaribu ya tatu. Kichwa kisafishwe kwa alkoholi safi na pamba isiyoacha nyuzi, kingoje kikauke, kisha ujaribu kwa disketi isiyo na thamani.

Hali ya kabati siku ya leo ni hii. Kati ya disketi kumi na moja, saba zimenakiliwa na kusomwa mpaka mwisho, na nakala zake ziko pahali pawili tofauti. Mbili zimesomwa nusu. Moja kati ya hizo mbili ina bloku sita zinazokosa, na tunalinganisha majina na daftari ya kanisa ili kujua ni wanafunzi gani wanaopungua. Moja inajibu "directory checksum error", na kerneli ananyamaza, kwa hiyo tuna tumaini nayo kubwa. Ya mwisho ina ukungu na imewekwa peke yake ndani ya mfuko. Mtu asiifungue mpaka lektere ya pili isafishwe.

Wanaotaka kusaidia kwa ile inayokataa kutambulika waje siku ya tano saa tisa ya mchana, wawili kwa darasa, mikono imenawiwa. Mwenye kuja na disketi yake kutoka nyumbani ataibakiza mlangoni.